Mtafute Jamerson nyuma ya Marvin Gaye

Hebu leo vaa spika za masikioni, kisha utafute video ya Marvin Gaye akiimba What's Going On kule Chicago mwaka wa 1972. Imo kwenye filamu ya Save the Children iliyotoka mwaka uliofuata. Najua macho yako yatamwendea Marvin pale kwenye piano. Sawa, mtazame kidogo. Halafu muache, umtafute jamaa mwenye gitaa la besi.

Huyo ndiye James Jamerson. Usiniambie hujawahi kumsikia. Umemsikia, bana, ila hukuambiwa ni yeye. Ile besi inayofungua My Girl ya The Temptations kabla ya kitu kingine chochote kuingia? Ni yeye.

Alizaliwa mwaka wa 1936 South Carolina, Marekani. Mwaka wa 1954 akahamia Detroit na mamake. Shuleni akajifunza ile besi kubwa ya mbao inayosimamishwa wima, na usiku akawa anapiga jazz vilabuni. Mwaka wa 1959 akaanza kurekodi na Motown. Studio ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida tu, na wanamuziki wakaibandika jina la Shimo la Nyoka. Kikosi chao kilijulikana kama Funk Brothers.

Sasa rudisha video nyuma uangalie mkono wake wa kulia. Wapigaji wengi hutumia vidole viwili. Jamerson alitumia kimoja, cha shahada, na kikapewa jina Ndoano. Kidole kimoja! Nyuzi zake zilikuwa nene, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha ovyo. Kabla yake, besi kwenye nyimbo za pop ilikuwa kama askari wa geti, imesimama palepale usiku kucha. Yeye akaifanya itembee, iruke, ijibizane na mwimbaji. Sikiliza Bernadette ya Four Tops uone. Hata Paul McCartney wa Beatles amesema alijifunza mengi kwake.

Haya, sasa linaloniuma. Kwa miaka mingi Motown haikuwa ikiandika majina ya wapigaji kwenye jalada. Watu walicheza nyimbo zake dunia nzima bila kujua anaitwa nani. Ni albamu ya What's Going On, mwaka wa 1971, iliyomtaja waziwazi na kumsifu. Zaidi ya miaka kumi kazini, ndipo jina lionekane!

Mwaka wa 1972 Motown ikahamia Los Angeles. Jamerson naye akafuata, lakini mambo hayakuwa yale tena. Kazi zikapungua, pombe ikazidi. Na tafadhali usiniletee ile hadithi kwamba pombe ndiyo iliyompa kipaji. Pombe ilimnyang'anya.

Kuna video nyingine ambayo bila shaka umeiona: Michael Jackson akitelezea kinyumenyume kwenye Billie Jean, Machi 1983, Motown ikisherehekea miaka 25. Usiku huo Jamerson alikuwa ukumbini. Jukwaani? La. Alikuwa juu roshani, ameketi kama mtazamaji mwingine yeyote, sherehe ya nyumba aliyosaidia kuijenga ikiendelea kule chini. Tangu nijue hilo, siwezi kuitazama klipu hiyo kama zamani.

Muda mfupi kabla ya kifo chake, gitaa lake likaibwa. Akafariki tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na miaka 47. Rock and Roll Hall of Fame ilimwingiza mwaka wa 2000, miaka 17 akiwa kaburini.

Mimi niliacha chuo, na nimeandika kazi kadhaa zilizotoka kwa jina la mtu mwingine. Nililipwa, ndiyo, lakini hiyo hisia naijua. Kwa hivyo wewe unayetoa wimbo wiki hii: yule msee aliyekutengenezea mdundo usiku kucha, andika jina lake. Leo, kabla hujapakia.

Halafu urudi Chicago ya 1972. Kamera haikai naye sana, lakini ukishamwona mara moja, sikio lako halitamkosa tena.