Antoine de Saint-Exupéry, piloti aliyeenda kupiga picha na hakurudi

Tarehe 31 mwezi wa saba mwaka 1944, saa tatu kasorobo asubuhi, ndege moja iliruka kutoka kiwanja cha Borgo, kwenye kisiwa cha Corsica. Ndani mulikuwa mtu mmoja tu, Antoine de Saint-Exupéry, mwenye miaka 44. Kazi yake siku ile ilikuwa kupita juu ya Ufaransa, iliyokuwa ingali mikononi mwa Wajerumani, apige picha upande wa Grenoble na Annecy, kisha arudi. Wenzake walingoja. Ilipofika saa nane na nusu, walijua mafuta yake yamekwisha, hawezi tena kuwa hewani.

Wengi waliosoma kwa Kifaransa wanamjua juu ya kitabu chake, Le Petit Prince, ile hadithi ya mtoto aliyetoka mbali kule juu na kukutana na piloti jangwani. Kumbe mwenye kuiandika alikuwa piloti kweli, na jangwa alilijua kwa mwili wake.

Alizaliwa Lyon mwaka 1900. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mdogo sana, mama yake Marie akabaki na watoto 5. Kuendesha ndege alijifunza akiwa jeshini, mwaka 1921. Tangu 1926 alikuwa anapeleka barua kwa ndege kwenye njia ya Toulouse, Casablanca na Dakar. Kisha akapewa kuongoza kituo cha Cap Juby, kando ya Sahara, na mara kwa mara alitoka kwenda kuokoa wenzake walioanguka na ndege zao. Mwisho wa 1935 zamu yake ikafika. Yeye na fundi wake, André Prévot, walianguka katika jangwa la Libya. Walitembea siku kadhaa bila maji, karibu wafe, mpaka Mbedui mmoja akawakuta na kuwanywesha.

Vita vilipoanza, aliingia katika kikosi cha upelelezi wa anga, 2/33. Kazi ya kikosi kile haikuwa kutupa mabomu. Ilikuwa kupita juu ya adui na kurudi na habari: vifaru viko wapi, daraja gani limebaki, barabara ipi inapitika. Habari isiyorudi haina faida, kwa hiyo piloti anapaswa kurudi. Mwaka 1940 wengi hawakurudi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba katika majuma matatu kikosi chake kilipoteza timu 17 kati ya 23, na kila timu ilikuwa na watu watatu.

Ufaransa iliposhindwa, alienda New York. Kule ndiko Le Petit Prince kilitoka, mwezi wa nne 1943. Angeweza kubaki, jina alikuwa nalo na vitabu vyake vilisomwa. Lakini aliondoka, akaenda Algeria kutafuta wenzake wa 2/33. Sasa walikuwa wanatumia ndege za Kimarekani, P-38, zenye kiti kimoja, apareyi za picha zikiwa mahali pa bunduki. Yeye alikuwa amepita sana umri wa kuziendesha, na ajali za zamani zilimwachia maumivu hata kuvaa nguo za kazi ilikuwa shida. Baada ya kuharibu ndege moja wakati wa kutua, alisimamishwa. Aliwasumbua wakubwa mpaka wakamkubalia safari tano. Alipita hesabu hiyo.

Majuma mawili baada ya kupotea kwake, majeshi ya Washirika yaliteremka Provence, ku pwani ileile. Mwili wake haukuletwa nyumbani. Familia zilizopoteza mtu vitani bila kuona maiti zinajua kungoja kwa namna hiyo: hakuna siku ya matanga, hakuna mahali pa kuweka maua. Mama yake alikufa mwaka 1972, mke wake Consuelo mwaka 1979. Wote wawili walikwenda bila kujua alilala wapi.

Mwaka 1998 mvuvi mmoja, karibu na Marseille, alivuta wavu wake na kukuta bangili ya feza. Juu yake yalikuwa majina mawili, la Antoine na la Consuelo. Miaka miwili baadaye mpiga mbizi akaona vipande vya ndege chini ya maji, kando ya kisiwa cha Riou. Vilitolewa mwaka 2003, na mwaka 2004 namba ya kiwanda, 2734, ikahakikisha kwamba ni ndege yake.

Sababu ya kuanguka haijajulikana. Kwenye vipande vile hawakuona alama za risasi. Rubani mmoja wa zamani wa Ujerumani alisema ni yeye aliyempiga, lakini hakuna ushahidi uliothibitisha maneno yake. Leo vipande vya ndege viko katika jumba la makumbusho la Le Bourget, karibu na Paris, na watu wanakwenda kuviangalia. Kaburi la mwenyewe halipo.