Eliud Mathu: Mwafrika wa kwanza kuwahoji watawala wa Kenya barazani

KIPINDI cha maswali na majibu ndicho sehemu ya Bunge ambayo wananchi wengi wanaifahamu zaidi. Mbunge husimama, swali lake hupewa jibu na waziri au naibu wake, kisha hufuata yale ya nyongeza, ambayo mara nyingi ndiyo yenye moto. Mkazi wa Nyamahanga mkoani Kagera, awe wa upande wa Ngara au wa Biharamulo, akisikia redioni kwamba jimbo lake linaulizwa habari za zahanati, maji au walimu, hutega sikio. Anajua kuwa kwa dakika hizo chache Serikali imelazimika kumzungumzia yeye.

Haki hiyo imezoeleka kiasi kwamba wengi wetu hulalamikia majibu tu, wala hatujiulizi maswali yenyewe yalianzaje. Katika Afrika Mashariki ya mkoloni, Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Mambo yake yalisemwa na wengine kwa niaba yake, na pale Kenya kazi hiyo walipewa wamisionari wa Kizungu walioteuliwa na gavana. Hali hiyo ilianza kubadilika Oktoba 1944, pale mwalimu mmoja kutoka Kiambu, Eliud Wambu Mathu, alipoapishwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Tanganyika ilifuata mwaka 1945 kwa kuwateua Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, na mwaka huo huo Uganda nayo ikapata wajumbe wake wa kwanza Waafrika. Tofauti ni kwamba Tanganyika iliwachukua machifu, na Kenya ikamchukua mwalimu.

Mathu alizaliwa mwaka 1910 huko Riruta, eneo ambalo leo limemezwa na jiji la Nairobi. Alisoma kwa wamisionari wa Kanisa la Scotland, na shule ya Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Baadaye alikwenda Fort Hare, Afrika Kusini, chuo ambacho kiliwalea wanasiasa wengi wa bara hili, kisha Uingereza, alikosoma Exeter na Balliol, Oxford. Kwa Mwafrika wa Kenya wa wakati ule, hicho kilikuwa kisomo kisicho na mfano. Alirudi kufundisha Alliance, akaiacha baada ya muda mfupi na kwenda kuongoza shule ya Waafrika wenyewe huko Dagoretti.

Ili kuelewa uzito wa kiti alichokalia, ni lazima kuutazama ukumbi wenyewe. Walowezi wa Kizungu walikuwa na wajumbe 11 wa kuchaguliwa, Wahindi walikuwa na wao, na Waarabu pia. Nyuma yao walikaa maofisa wa Serikali, na gavana mwenyewe ndiye aliyeongoza vikao, utaratibu uliodumu hadi mwaka 1948. Sensa ya mwaka huo wa 1948 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 5 na Wazungu wapatao 30,000. Mamilioni hayo yote, mwaka 1944, yalikuwa na mtu mmoja wa rangi yao katika ukumbi ule, naye hakuchaguliwa nao, aliteuliwa.

Wenzake walitambua udhaifu huo mapema. Mwezi ule ule alioingia barazani, wasomi wa Nairobi waliunda chama cha kumpa nguvu, Kenya African Union, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Harry Thuku. Serikali iliona jina hilo lina harufu ya siasa, ikataka liongezwe neno la kuonyesha kwamba ni chama cha kujifunza tu. Chama kilikubali, na mwaka 1946 kikalirudia jina lake la awali. Mwaka 1947 uongozi ulichukuliwa na Jomo Kenyatta, aliyekuwa amerejea kutoka Ulaya. Hivyo chama kilichozaliwa kumsaidia mjumbe mmoja kikageuka chombo kikubwa kumpita mjumbe mwenyewe.

Silaha ya Mathu ilikuwa swali na hoja. Hakuwa na kura za kuishinda Serikali, wala hakuweza kuwatisha walowezi kwa idadi. Alichoweza kufanya ni kuilazimisha Serikali ijibu hadharani, na jibu liandikwe katika kumbukumbu rasmi. Aliuliza habari za ardhi, ujira wa vibarua, shule za Waafrika na ubaguzi wa kazi. Alisema kwa Kiingereza kilichonyooka na kwa utulivu wa mwalimu, jambo lililowaudhi baadhi ya wasikilizaji wake kuliko hasira ambavyo ingewaudhi.

Lakini jambo ambalo jina lake limefungamana nalo zaidi ni kipande. Huku kwetu Tanganyika neno hilo lilikuwa na maana ya kadi ya kibarua, hasa wa mashamba ya mkonge, iliyohesabiwa siku 30 za kazi. Kenya lilikuwa jambo jingine kabisa. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alipaswa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, siku alizoanza na kuacha kazi, na ujira aliolipwa. Cheti kilitiwa katika kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Aliyetoroka kwa mwajiri mbaya alisakwa kwa cheti hicho hicho, kwani bila mwajiri kutia saini kwamba amemruhusu kuondoka, hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Wazungu na Wahindi hawakuguswa na sheria hiyo.

Mathu aliitaka Serikali ikifute, au kama kweli uandikishaji ulikuwa na manufaa iliyoyadai, basi uwahusu watu wa rangi zote. Hoja hiyo ilikuwa na mtego ndani yake. Kuikataa kulimaanisha kukiri kwamba kipande kilikuwa alama ya unyonge. Kuikubali kulimaanisha kumpaka Mzungu wino wa vidole. Mwaka 1947 Serikali ilikubali, na sheria mpya ya kuwaandikisha watu wote ikapitishwa.

Walowezi walipandwa na hasira. Watu waliokuwa wameona sawa kwa robo karne mfanyakazi wao achukuliwe alama za vidole kama mhalifu, sasa waligundua kwamba jambo hilo ni udhalilishaji. Kelele zilikuwa kubwa hata ikabidi aletwe Sir Bertrand Glancy kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka 1950 ikapendekeza wanaojua kusoma na kuandika waruhusiwe kutumia picha na saini badala ya vidole. Walowezi walikuwa wamepata mlango wa kutokea. Kikopo cha shingoni, hata hivyo, hakikurudi. Jina ndilo lililobaki. Wakenya wengi hadi leo huita kitambulisho chao kipande.

Si kila swali lilizaa matunda. Mwaka 1945 Serikali ilianza kuwakabidhi baadhi ya wajumbe wa baraza usimamizi wa idara, mfano wa uwaziri, na kilimo kikapewa Cavendish-Bentinck, kiongozi wa walowezi. Mathu alipinga bila mafanikio. Waafrika walionyang'anywa ardhi wakawa wanauliza maswali ya kilimo kwa mmoja wa wanufaika wa ardhi hiyo. Vivyo hivyo, Uingereza ilipotoa waraka namba 191 mwaka 1945 ukipendekeza baraza la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika lenye usawa wa wajumbe wa rangi mbalimbali, walowezi waliupigia kelele hadi ukatoka waraka namba 210 wa mwaka 1947 uliowapendelea wao. Mathu aliukataa, na wanasiasa Waafrika wa nchi zote tatu waliuona usaliti. Baraza hilo lilianza hata hivyo mwaka 1948.

Kadiri njia ya maswali ilivyozaa kidogo, ndivyo vijana walivyoichoka. Agosti 1952 Mathu alikuwa pamoja na Kenyatta, Thuku na Chifu Waruhiu katika mkutano mkubwa wa Kiambu wa kuilaani Mau Mau. Oktoba 7 Waruhiu aliuawa kwa risasi. Oktoba 20 ilitangazwa hali ya hatari na Kenyatta akakamatwa. Mathu alibaki nje, akiwa mwaka huo ameingizwa pia katika Baraza la Utendaji la gavana. Hapo ndipo wanaomsema vibaya wanapoanzia. Wanauliza ilikuwaje mtu wa Kiambu akae meza moja na Serikali iliyojaza watu wake kambini. Swali ni halali, ingawa huwa wanasahau kwamba wakati vyama vilipigwa marufuku na viongozi kufungwa, kiti cha barazani kilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika aliweza bado kusema bila kukamatwa mlangoni.

Serikali nayo haikumlipa. Mwaka 1954 ilipoteua waziri wa kwanza Mwafrika, ilimchagua B. A. Ohanga wa Nyanza.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza, wakiwa na viti 8. Katika Mkoa wa Kati, Wakikuyu walioruhusiwa kujiandikisha ni wale tu waliopewa vyeti vya uaminifu kwa Serikali, hivyo wapiga kura wengi wakawa Wameru, nao wakamchagua kijana wao, Bernard Mate. Mathu alishindwa. Ohanga naye aliangushwa na Oginga Odinga, na Nairobi ikamleta Tom Mboya. Wajumbe hao wapya hawakuanza kwa kuuliza. Walikataa kushika uwaziri na kudai katiba nyingine.

Mathu alikwenda Addis Ababa kuitumikia Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Baada ya uhuru alirudi kuwa mtumishi wa Ikulu ya Kenyatta, mtu aliyewahi kuongoza chama kilichoundwa kumsaidia yeye.  Alifariki mwaka 1993.