Ibnul-Baitar na Theluji ya Sini

Dhiyauddin Abdallah bin Ahmad, ajulikanaye kwa Ibnul-Baitar, yaani mwana wa tabibu wa wanyama, alizaliwa Malaqa katika Andalusi, mwishoni mwa karne ya sita ya Hijra. Alisoma Ishbiliya kwa Abul-Abbas an-Nabati, mwanachuoni aliyekusanya elimu ya Hadithi na elimu ya miti, ijapokuwa katika fiqhi alifuata Dhahiriya. Mwaka 1219 aliihama nchi yake, akaifuata pwani ya Maghribi, akafika bara ya Rum, kisha Misri, ambako Sultani al-Kamil alimfanya mkubwa wa wajuzi wa miti ya dawa.

Ada yake ilikuwa kutokubali kauli ya wa kale mpaka akione kitu kwa macho yake. Tena aliandika majina ya kila dawa kwa lugha mbalimbali, kwa kuwa jina likikosewa, mgonjwa hufa. Katika kitabu chake al-Jamii, chenye dawa na vyakula vipatavyo 1,400, alitaja ua jeupe la jiwe la Asyus, akaeleza kuwa matabibu wa Misri huliita theluji ya Sini, na watu wa Maghribi huliita barud.

Kitu hicho ndicho shura. Asili yake ni uchafu: samadi na mikojo ya wanyama huoza udongoni, na vijidudu visivyoonekana huugeuza uozo ule kuwa chumvi, ikapanda juu ya ardhi na kuta za mazizi kama unga mweupe. Mvua huiyeyusha ikapotea, ndiyo maana hupatikana zaidi katika nchi kavu na mapangoni. Hutiwa katika maji ya moto. Maji yapoapo, shura huganda chini, kwani maji baridi hayawezi kuichukua nyingi. Kuitakasa kwa majivu ya kuni kulielezwa na Hasan ar-Rammah wa Sham, aliyekufa karibu na mwaka 694 (1295). Majivu huondoa chokaa iliyochanganyika nayo, ambayo huifanya ivute unyevu.

Kwa Ibnul-Baitar barud ilikuwa dawa. Baadaye shura ilichanganywa na makaa na kiberiti, na jina likahamia kwenye mchanganyiko. Ndilo hili baruti.

Mwanafunzi wake Ibn Abi Usaibia, aliyekutana naye Dimishki mwaka 633, akifuatana naye viungani mwa mji kutazama miti. Alistaajabu kuona kuwa shekhe hataji dawa ila hutaja na mlango wake katika vitabu vya Wayunani, na hesabu yake mlangoni humo. Ibnul-Baitar alifariki Dimishki mwaka 646 (1248), rahimahullah.