Bikila: Bingwa aliyeanza mazoezi upya baada ya miguu kugoma

Kama umewahi kupita Kiamaiko alfajiri, unajua vile huku tunaamka. Malori ya mbuzi kutoka Marsabit na Moyale yameshafika, machinjio yako kazini, na vijana wanapita mbio na mizoga mabegani. Mimi pia nilibeba, baada ya kuachana na chuo. Miezi michache tu, mgongo ukanikataa. Asubuhi moja nilishindwa hata kuinama nifunge kamba za viatu. Nikafanya kile wengi wetu hufanya: nikanunua dawa ya maumivu, nikalala siku tatu nikingoja uchungu uishe wenyewe. Haukuisha.

Sasa hebu fuata ile barabara inayoleta mbuzi wetu. Ukifika Moyale usisimame, vuka mpaka uendelee, mwishowe utaingia Addis Ababa. Ni huko nataka tuende leo, kwa jamaa ambaye bila shaka umemsikia, lakini pengine hujui maisha yake yaliishaje: Abebe Bikila.

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, kijijini Jato, Ethiopia, na utotoni alichunga mifugo. Alipokuwa kijana akaingia kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie jijini Addis Ababa. Huko ndiko kocha kutoka Uswidi, Onni Niskanen, alimwona na kuanza kumnoa.

Septemba 10, 1960, akakimbia marathoni ya Olimpiki jijini Roma bila viatu. Mbio ziliisha usiku, na akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. Mjini humo humo, siku nane baadaye, yalifunguliwa mashindano mengine. Wachezaji kama 400 kutoka nchi 23, wenye ulemavu, wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Ndiyo yaliyokuja kutambuliwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka wa 1964 alienda Tokyo wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Wengi walidhani hatamaliza. Alishinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Halafu, manze, badala ya kuanguka kama wenzake, akaenda kwenye nyasi akaanza kujinyoosha viungo. Hakuna mtu aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Mexico 1968 mambo yakaharibika. Alianza mbio akiwa na jeraha la mguu, akaacha kabla ya kufika nusu. Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda.

Kisha ikaja Machi 1969. Usiku mmoja Bikila alikuwa akiendesha Volkswagen yake, gari likapinduka. Alikwama ndani hadi alipopatikana asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya. Yule aliyeshinda Roma bila viatu sasa hangeweza kusogeza miguu, na mwanzoni hata mikono ilikuwa imekufa ganzi. Alikuwa na miaka 36.

Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville. Hapo ndipo alipokuwa amefanya kazi daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka wa 1939. Kabla yake, mtu aliyevunjika uti wa mgongo aliachwa tu kitandani, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann alikataa hiyo. Wagonjwa wake waligeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kwanza mikono ya wauguzi na wataalamu ilifanya kazi, ikigeuza, ikikunja na kunyoosha viungo visigande. Halafu mgonjwa mwenyewe alianza mazoezi: kuinua uzito, kurusha mpira, kulenga shabaha kwa upinde. Upinde haukuwa mchezo wa kupoteza wakati. Ukiuvuta unajenga mikono, mabega na kiwiliwili, sehemu ambazo mtu wa kiti cha magurudumu anazitegemea kila siku. Mwaka wa 1948 Guttmann aliandaa mashindano ya upinde hapo hospitalini, yakakua mpaka yakafika Roma, yale ya 1960 niliyokutajia.

Kwa hivyo Bikila akaanza upya, kutoka sifuri. Alikaa huko miezi minane. Mikono ikarudi. Miguu haikurudi, na sitakudanganya kwamba ilirudi. Lakini mwaka wa 1970 alishindana kwa upinde na tenisi ya mezani kwenye michezo ya Stoke Mandeville. Mwaka uliofuata akaenda Norway akashinda mbio za sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa juu ya theluji. Mtu wa Addis, kwenye theluji. Mwaka wa 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich na uwanja mzima ukamshangilia.

Alifariki Oktoba 25, 1973, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, matatizo yaliyohusishwa na ile ajali. Alikuwa na miaka 41. Maelfu ya watu walimsindikiza kaburini, mfalme mwenyewe akiwepo.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu hapa mtaani tuna njia mbili tu za maumivu: kumeza dawa na kulala, ama kwenda kwa jamaa akuvute shingo mpaka ilie. Siku hizi kuna wataalamu wa ostiopathi, wanaotibu viungo na misuli kwa mikono, na kuna wa tibamaungo. Wazuri kati yao watakuambia kitu kimoja: mikono inalegeza, lakini mazoezi yako ndiyo yanayoshikilia. Mimi mgongo wangu ulitulia nilipoanza kutembea na kujinyoosha kila siku baada ya kuonyeshwa vizuri, na nikajifunza kuinua mzigo kwa magoti. Bado huniuma nikizembea.

Ila kuna maumivu si ya kuchezea. Ukihisi miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, ama ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usimpe mtu yeyote mgongo wako avute.

Na siku ile utakuta bodaboda imeanguka hapa barabarani, na msee amelala analia mgongo, tafadhali usimshike mikono na miguu umkunje kwenye pikipiki nyingine. Kama hayuko hatarini hapo alipo, mwache alale vilevile, kichwa na shingo visisogee, uite ambulensi. Labda hizo dakika ndizo zitakazoamua kama mikono yake itarudi.