TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: Al-Razi, mtu aliyetafuta dhahabu



Ndugu yangu mfungaji, kama nyumbani kwako yupo kijana wa kidato cha pili au cha tatu, mwite msome pamoja. Tafakuri ya leo ni yenu nyote wawili.

Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 17, Mola wetu anapiga mfano wa mafuriko yanayobeba povu, na mfano wa metali zinazoyeyushwa motoni kutengenezea mapambo na vyombo, nazo zikatoa povu kama hilo. Lile povu huenda zake, na kile kinachowafaa watu hubaki. Ishike maana hiyo moyoni, maana leo tutaona maisha ya mtu mmoja yalivyopita kwenye moto huo.

*Nani huyu?*

Ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi. Alizaliwa mji wa Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyekuja baada yake, ameandika kwamba alizaliwa mwezi 1 Shaaban mwaka 251 Hijria, sawa na 865 Miladia.

Ujana wake, inasimuliwa, ulikuwa wa kupiga udi na kushughulika na fedha sokoni. Udaktari aliuingia akiwa mtu mzima. Basi wewe unayesema umri umekwenda, huwezi tena kujifunza kusoma Qur'ani vizuri, hebu tulia kidogo. Huyu alichelewa kuanza, na bado akaja kuongoza hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad.

*Mtu wa moto na tupa*

Kabla ya dawa alikuwa na shauku nyingine: al-kimiya. Watu wa zama zake wengi waliamini kwamba metali duni, kama risasi na shaba, zinaweza kugeuzwa dhahabu. Yeye pia aliamini. Alikaa mbele ya tanuri akiyeyusha, akichanganya na kuchoma, akitafuta dhahabu.

Dhahabu haikutoka. Lakini tazama alichokifanya njiani.

Aliandika kitabu, Kitab al-Asrar, na wengi waliokuwa wakiandika elimu hiyo waliificha kwa mafumbo. Yeye akaandika kama fundi anayemfundisha mwanafunzi. Kwanza vitu vyenyewe, kisha vyombo, kisha namna ya kufanya. Vyombo alivitaja kimoja kimoja: tanuri, mivukuto, chungu cha kuyeyushia, koleo, nyundo, mkasi, tupa, na chupa za kukeneka, yaani kuchemsha kitu, kuukamata mvuke wake na kuurudisha kuwa maji.

Vitu vya ardhini akavigawa makundi sita. Kundi moja aliliita roho, kwa sababu ukivipasha moto vinaruka: zebaki, kibiriti na wenzake. Kundi jingine ni metali, nazo alizihesabu saba: dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati, risasi, na moja iliyoitwa chuma cha Kichina.

Umeyasikia hayo majina? Zebaki, kibiriti, risasi: ni maneno ya Kiarabu tunayoyatumia kila siku kwa Kiswahili chetu. Na neno kemia lenyewe linatokana na al-kimiya, kama alkali inavyotokana na al-qali. Kijana anayesema somo hili ni la wageni, mwambie nusu ya maneno yake yameshakaa mdomoni mwake.

*Sasa twende maabara*

Asidi alizozijua Al-Razi zilikuwa laini, kama siki na maji ya matunda makali. Mafundi wa zamani walijua kwamba ukiweka mabamba ya shaba kwenye mvuke wa siki, baada ya siku kadhaa yanafanya ukoga wa kijani. Ukiweka risasi, unapata unga mweupe. Al-Razi aliviorodhesha vitu hivyo kuwa ni vya kutengenezwa, si vya kuchimbwa. Yaani alielewa kuwa kitu kimeingia kikiwa hiki, kikatoka kikiwa kingine. Asidi kali za maabara yako, kama ya nitriki, zilikuja kujulikana karne kadhaa baada yake, kwa njia ile ile ya kukeneka chumvi na mawe.

Leo mwalimu wako anakuwekea neli nne mezani. Kila moja ina asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji. Ya kwanza unatia magnesiamu, ya pili zinki, ya tatu chuma, ya nne shaba.

Magnesiamu inachemka kwa fujo na neli inapata joto. Zinki inatoa mapovu kwa mwendo wa kati. Chuma kinatoa polepole. Shaba imekaa kimya, hakuna kitu.

Ukisogeza kijiti kinachowaka mdomoni mwa neli yenye mapovu, utasikia mlio mdogo: pop! Hiyo ni haidrojeni. Na maji yaliyobaki, ukiyakausha, yanaacha chumvi. Kanuni ni hii, iandike:

*metali + asidi → chumvi + haidrojeni*
Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂

Kwa nini shaba ikakaa kimya? Kwa sababu metali zina daraja. Kutoka kali kwenda pole: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu, zinki, chuma, bati, risasi. Hapo katikati weka haidrojeni. Chini yake ziko shaba, fedha na dhahabu. Metali iliyo juu ya haidrojeni inaweza kuifukuza kutoka kwenye asidi na kukaa mahali pake. Iliyo chini haiwezi. Ule ukoga wa kijani wa shaba ulipatikana kwa sababu hewa ilisaidia, si siki peke yake.

Mambo matatu yasikupite kwenye mtihani. Asidi ya nitriki kwa kawaida haitoi haidrojeni, hutoa gesi za naitrojeni. Potasiamu na sodiamu haziwekwi kwenye asidi kabisa, zinalipuka. Na unapozimua asidi, mimina asidi ndani ya maji, usimimine maji ndani ya asidi.

Na vaa miwani ya kinga. Al-Biruni ameandika kwamba macho ya Al-Razi yaliumizwa na mioto na harufu kali za kazi hiyo, na kutafuta tiba ndiko kulikomsogeza kwenye udaktari. Mwisho wa umri wake alipofuka.

*Kilichobaki*

Hospitalini alikaa na wanafunzi wake safu kwa safu. Mgonjwa akija, wa safu ya nje wanamtazama kwanza. Wakishindwa, wa safu inayofuata. Wote wakishindwa, ndipo anafika kwake. Maskini aliwatibu kwa huruma na kuwasaidia kwa mali yake. Aliandika kitabu kwa ajili ya mtu asiye na daktari karibu. Aliandika pia kuitenganisha ndui na surua, wakati watu walikuwa wanazichanganya. Daftari zake za matibabu zilikusanywa baada ya kufa kwake zikawa kitabu kikubwa, Al-Hawi, na mwaka 1279 kikafasiriwa Kilatini.

Tuseme na la pili, kwa uadilifu. Katika falsafa alikuwa na maoni ambayo wanazuoni wengi wa Kiislamu waliyakataa waziwazi, na hatumleti hapa awe kiongozi wetu wa itikadi. Al-Biruni naye hakukubaliana naye huko, lakini alikaa chini akaorodhesha vitabu vyake 184. Huo nao ni mfano: kumpinga mtu pale alipokosea, bila kumfutia jema lake. Ingekuwa sisi kwenye magrupu yetu, tungefuta yote.

Alifariki 5 Shaaban 313, mwaka 925. Dhahabu aliyoitafuta ilikwenda kama povu. Kilichobaki ni vyombo, mpangilio, tiba na wagonjwa waliopona, yaani vyote vilivyowafaa watu.

Sasa nafsi yako. Kwa Kiarabu, asili ya neno fitna ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi na iliyochanganywa. Sisi tumelifanya fitina ya majirani tu. Ramadhani ni moto huo, na tumebakiwa na siku kama kumi na mbili. Njaa ni ile ile kwetu sote, kama asidi ilivyokuwa ile ile kwenye neli nne. Mmoja inamtoa hasira, mwingine inamtoa huruma. Jiulize leo kabla ya kufuturu: katika funga yangu, povu ni lipi, na nini kitakachobaki baada ya Idi ambacho jirani yangu atanufaika nacho?

*Kazi ya leo:* msaidie mwanafunzi mmoja. Mlipie daftari, mfundishe saa moja baada ya tarawehe, au muombee tu kwa jina lake kwenye daku.

Ewe Mola, tuzidishie elimu yenye manufaa, tuponyeshee wagonjwa wetu, wafaulishe vijana wetu, na ututakabalie funga zetu. Amin.

Mtumie na mwenzio. Tukutane kesho, inshaallah.