Kapteni Joubert, Mfaransa ambaye ukoo wake uko Kongo

Huku milimani kwetu, kuanzia Mbaga hadi Usangi, mgeni hajamaliza hata kunywa maji ataulizwa ni wa ukoo gani, na jibu hufuata upande wa baba. Kwa hesabu hiyo watoto wa Léopold Louis Joubert ni watu wa Saint-Herblon, kijiji cha magharibi mwa Ufaransa alikozaliwa baba yao tarehe 22 Februari 1842. Lakini sisi tulipoufuata ukoo huo tulijikuta Mpala na Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Joubert alikuwa askari. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, alijiunga na jeshi la Papa kule Italia, akapanda hadi cheo cha kapteni. Roma ilipotekwa mwaka 1870 jeshi lile likavunjwa. Miaka kumi baadaye Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alimtuma Afrika kulinda wamisionari waliokwenda kwa miguu kutoka pwani hadi Tabora na ziwani. Alirudi kwao mwaka 1885. Mwaka 1887 alikuwa Mpala, na safari hii alikuja kukaa.

Mwaka 1888 alifunga ndoa ya kanisani na mwanamke wa huko aliyeitwa Agnes. Hapa tusipite haraka. Wazungu wengi wa enzi zile walizaa na wanawake wa Kiafrika kisha wakapanda meli, mtoto akabaki hana wa kumtaja. Joubert alibaki. Yeye na Agnes walipata watoto kumi, na wawili kati yao wakawa mapadre.

Miaka hiyo ziwa lilikuwa njia ya watumwa. Rumaliza wa Ujiji na watu wake walivamia vijiji, wakachoma nyumba na kufunga watu minyororo. Joubert alijenga makao yake Mrumbi, akayaita Mtakatifu Ludoviko, akawafundisha vijana wa pale kutumia bunduki. Waliokimbia uvamizi wakahamia kwake. Risasi zilipokuwa zinakaribia kwisha, mwaka 1891 ukafika msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Kapteni Jacques. Rumaliza alishindwa mwaka 1894.

Tusimpambe kupita kiasi. Kule Mrumbi yeye ndiye aliyekuwa mtawala, mwenye bunduki na mwenye kuamua kesi. Na nchi ile iliyoondokewa na Rumaliza ilibaki mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye watu wake waliwakata Wakongo mikono kwa ajili ya mpira. Aliyetoroka mnyororo mmoja alikuta serikali nyingine mlangoni.

Baadaye ugonjwa wa malale ulizihamisha familia nyingi za kando ya ziwa, na Joubert naye akahamia Misembe, karibu na Moba. Uzeeni alipofuka. Alifariki huko tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85.

Mzee wa Kipare angesema watoto ni wa Saint-Herblon, na kwa desturi yetu hajakosea. Ila watoto wale walizaliwa kwa Agnes, wakabatizwa na kukulia kwa wajomba zao. Ukisimama Karema, mkoani Katavi, siku isiyo na ukungu, milima unayoiona upande wa pili wa maji ndiyo kwao.