Sir Gerald Portal na Kunguru wa Unguja

Hapa Kizimkazi sote twawajua kunguru wa Bara Hindi, wale wenye shingo ya kijivu. Lakini ni wachache wamjuao Mwingereza anayetajwa kuwa ndiye aliyewaleta. Nataka kuwasimulieni maisha yake kwa ufupi.

Sir Gerald Portal alizaliwa Uingereza mwaka 1858. Alipokuwa kijana aliingia kazi ya ubalozi, akatumwa Roma, kisha Misri, na mwaka 1887 akapelekwa Uhabeshi kutafuta suluhu baina ya mfalme wa nchi ile na Wataliani. Mwaka 1891 alifanywa Balozi Mkuu wa Uingereza hapa Unguja. Mji ulikuwa na taka nyingi, na kunguru wakaletwa ili wazile. Mwaka 1893 alikwenda Uganda, na Januari 1894 akafa London kwa homa ya matumbo, hajatimiza miaka 36.

Yeye alikwenda, kunguru wakabaki. Hawakutosheka na taka: hula mijusi na vyura, ambao hutupunguzia wadudu mashambani, na hula mayai na makinda ya ndege wetu. Katika miaka ya 1990 waliuawa wengi sana, lakini kazi ilipokoma wakazaana tena.

Nionavyo mimi, Portal hakukusudia mabaya. Lakini ndege mgeni akishafunguliwa harudi tunduni. Nasi tukitupa matumbo ya samaki ovyo pwani, twamlisha. Basi tuyafukie, wenzangu, ili mijusi na vyura wetu wasalimike.